Bisibisi na Namba Zake: Historia ya Majina ya Zana Moja Dukani

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifisha istilahi ni rahisi kuyashughulikia maneno makubwa ya utawala, sheria na sayansi, na kuyaacha maneno ya kazi za mikono yajitafutie njia. Aghalabu hudhaniwa kwamba maadamu fundi na muuza duka huzungumza lugha moja, basi wanaelewana. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba hawaelewani kila mara, na kwamba chanzo cha kutoelewana huko ni historia. Mfano tuliouchagua ni bisibisi, zana ambayo ni nadra kukosekana katika duka la vifaa vya ujenzi, tokea Tandika na Mbagala wilayani Temeke hadi Mwananyamala na Tegeta wilayani Kinondoni.

Bisibisi za kawaida hupatikana bila taabu. Shida huanza pale mtu anapotaka isiyo ya kawaida: ndogo ya saa au ya simu, nene ya injini, au yenye ncha ya umbo geni. Mnunuzi hutaja jina, muuzaji akaleta kitu kingine. Hutaja namba, muuzaji akauliza namba ya nini. Mwisho wake ni kuambiwa ailete skrubu yenyewe ijaribiwe. Ikiwa skrubu hiyo imo ndani ya injini au jokofu, haibebeki, na mnunuzi hurudi mikono mitupu, ingawa huenda zana aitakayo imo kabatini nyuma ya mgongo wa muuzaji. Kwa hiyo si kila uhaba ni uhaba wa bidhaa. Mwingine ni uhaba wa majina.

Parafujo na skrubu

Ufundi wa pwani yetu ulikuwapo kabla ya skrubu. Mtepe, chombo mashuhuri cha baharini, ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Majina ya zana za seremala yaonyesha jinsi ufundi huo ulivyokua: nyundo na msumeno ni maneno ya Kibantu, msumari umetokana na Kiarabu, spana, nati na bolti zimetoka katika Kiingereza.

Kuhusu skrubu, Kiswahili kina majina mawili. La kwanza ni parafujo, lililotokana na neno la Kireno parafuso. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, wakatolewa katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, lakini waliacha maneno ambayo hatuyaoni tena kuwa mageni: meza, bendera, pipa, kasha na gereza. Jina la Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam unaojulikana kwa mafundi wa vyuma, limetokana na mojawapo ya maneno hayo. Jina la pili ni skrubu, lililotokana na Kiingereza. Leo mnunuzi akiomba parafujo katika maduka mengi ya Dar es Salaam huenda akatazamwa kwa mshangao. Akiomba skrubu, huulizwa tu anataka ya mbao au ya bati.

Hapa pana funzo la kwanza. Neno la zamani halikufa kwa kukosa ubora, na jipya halikushinda kwa kupitishwa na kikao. Neno lilifuata bidhaa. Aliyeleta sanduku la skrubu aliliandika ubavuni jina alilolijua yeye, na karani wa duka akalisoma.

Vipimo vilivyorithiwa

Kama majina yalivyofuata bidhaa, ndivyo na vipimo. Wajerumani, walioanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, walitumia mita. Upana wa reli hiyo ni mita 1 kamili. Waingereza waliowafuatia walileta futi na inchi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, nchi ilianza kurudi kwenye mita mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1975 Shirika la Viwango Tanzania likaundwa. Hata hivyo, katika mwaka huo huo wa 1975 Wachina, ambao kwao hupima kwa mita, walikamilisha ujenzi wa reli ya TAZARA kwa upana wa milimita 1,067, yaani futi 3 na inchi 6, ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Kipimo kikishakita mizizi, haking'olewi na sheria peke yake.

Dukani mambo ni hayo hayo. Nondo huuzwa kwa milimita: ya 10, ya 12, ya 16. Bomba la maji huuzwa kwa nusu inchi na robo tatu. Misumari hupimwa urefu kwa inchi, lakini huuzwa kwa kilo. Bati huuzwa kwa geji. Muuzaji mzoefu huruka kutoka kipimo kimoja hadi kingine bila kujikwaa, kwa sababu kila kitu kina kipimo chake kilichozoeleka. Bisibisi haikubahatika hivyo. Iliingia kutoka Uingereza, India, China, Ujerumani na Japani, na kila nchi ilikuja na utaratibu wake.

Miaka ya uhaba nayo iliacha alama. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 fedha za kigeni zilipungua mno, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata bidhaa za kawaida zilikuwa adimu. Fundi asiyekuwa na bisibisi ndogo alichukua spoku ya baiskeli, akaipiga bapa ncha na kuinoa kwa tupa. Zana ya namna hiyo haikuwa na namba wala jina. Ilipimwa kwa skrubu iliyokusudiwa. Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na ulegezaji ukaendelea baada ya mwaka 1985 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Bidhaa zikamiminika. Majina hayakumiminika pamoja nazo.

Nyota ya ncha nne

Kwa muda mrefu bisibisi ilikuwa ya namna moja: bapa, kwa skrubu yenye mfereji mmoja kichwani. Mwaka 1936 Mmarekani Henry F. Phillips, wa Portland, Oregon, alipata hataza za skrubu yenye tundu la msalaba, na viwanda vya magari vya Marekani vikaipokea upesi, kwa kuwa ncha ya bisibisi hujiweka yenyewe katikati ya tundu. Wasemaji wa Kiswahili walipoiona hawakuiita msalaba, waliiita nyota. Jina hilo ni zuri, fupi na lenye picha, nasi hatuoni sababu ya kulilaumu.

Tatizo ni kwamba nyota ziliongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitokea Pozidriv, ambayo kwa jicho la haraka ni ile ile ya Phillips, isipokuwa kichwa cha skrubu yake kina mistari minne myembamba baina ya mikono ya msalaba. Wajapani nao walikuwa na msalaba wao, unaopatikana katika pikipiki na magari yao mengi. Bisibisi ya Phillips huingia ndani yake, lakini haikai barabara. Mwaka 1967 kampuni ya Camcar Textron ya Marekani ilibuni Torx, yenye ncha sita. Katika simu za mkononi kumekuja hata skrubu yenye ncha tano. Zote hizi, kwa macho ya mnunuzi, ni nyota.

Hasara yake si ya maneno matupu. Bisibisi isiyolingana na skrubu huteleza, na kila ikiteleza hukwangua kuta za tundu, hata kichwa kikaliwa kabisa. Kuanzia hapo skrubu haitoki ila kwa kutobolewa kwa keekee. Fundi wa pikipiki hulipa hasara hiyo kwa kutwa nzima ya kazi, na mwenye pikipiki hulipa kwa siku isiyo na abiria. Kijana anayejifunza ufundi katika chuo cha VETA, Chang'ombe, hukutana na jina moja katika kitabu cha kigeni na jingine katika duka la mtaani, na hana kamusi ya kumvusha baina ya hayo mawili. Na afisa ugavi anayeandika katika hati ya zabuni “bisibisi za nyota, dazeni 2” hana haki ya kulalamika akiletewa za umbo lisilofaa, maana mzabuni ametimiza kila neno lililoandikwa.

Neno “namba”

Huenda mtu akasema: basi na tutaje namba, ubishi uishe. Lakini neno “namba” ndilo lenye utata kupita yote. Fundi wa magari anapoagiza spana namba 13, anataja milimita bila ya kuzitaja. Seremala anaponunua skrubu ya mbao namba 8, kwa utaratibu wa Kiingereza hiyo si milimita 8, bali ni namba ya unene inayokaribia milimita 4.2. Bisibisi ya Phillips namba 2 si kipimo cha urefu wala cha upana. Ni jina la ukubwa wa ncha katika safu yake, ambamo 1 ni ndogo kuliko 2, na 2 ni ndogo kuliko 3. Torx nayo ina namba zake zinazotanguliwa na herufi T. Katika skrubu namba ikipanda unene huongezeka. Katika bati geji ikipanda unene hupungua, ndiyo maana geji 30 ni jembamba kuliko geji 28.

Kwa hiyo mtu akisema “nipe namba 8” hajasema neno, mpaka aseme namba 8 ya kitu gani na kwa utaratibu upi.

Kuna nchi zilizotafuta njia nyingine. Huko Kanada, ambako skrubu yenye tundu la mraba ya P. L. Robertson imeenea tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kila ukubwa wa bisibisi ulipewa rangi: namba 1 kijani, namba 2 nyekundu, namba 3 nyeusi. Asiyejua namba huomba nyekundu, akapewa iliyo sawa. Hatusemi tuige rangi hizo. Tunasema tu kwamba jina jema la dukani ni lile ambalo mwenye kuuza na mwenye kununua wanaweza kulithibitisha kwa macho.

Mapendekezo

Yawezekana kupendekeza kwamba neno nyota lipokonywe bisibisi ya Phillips na kupewa Torx, ambayo kwa kweli ndiyo inayofanana zaidi na nyota, kisha ile ya kwanza iitwe bisibisi ya msalaba. Pendekezo hilo ni nadhifu kwenye karatasi, lakini halitafaulu. Mafundi hawawezi kuamriwa kubadili jina walilolizoea. Watu hawa ndio walioiita spana inayorekebishika spana malaya, kwa kuwa hukubali kila nati. Jina hilo huepukwa katika maandishi rasmi, lakini hakuna muuza duka asiyelielewa. Mwanaistilahi anayeshindana na msamiati wa namna hii hushindwa. Anayeuongezea usahihi hufaulu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. Neno bisibisi liendelee kuwa jina la jumla, na skrubu liwe jina la kawaida katika maandishi ya ufundi. Parafujo litajwe kama kisawe chake, lisije likasahauliwa.

2. Neno nyota libakie kama watu walivyolizoea, lakini liongezewe idadi: nyota ya ncha nne, nyota ya ncha tano, nyota ya ncha sita. Mnunuzi ataweza kuhesabu, na muuzaji vilevile.

3. Ndani ya nyota ya ncha nne, utaratibu utajwe kwa jina lake: Phillips, Pozidriv, au wa Kijapani. Haya ni majina maalumu, wala hayana haja ya kutafsiriwa.

4. Bisibisi bapa itajwe kwa upana wa ncha katika milimita, kisha urefu wa chuma chake.

5. Neno namba lisisimame peke yake katika hati yoyote. Paandikwe namba ya ncha, namba ya unene, geji, milimita au inchi, kama ipasavyo.

Kwa kufuata utaratibu huu, agizo litasomeka hivi: “bisibisi ya nyota ya ncha nne, Phillips, namba ya ncha 1, urefu wa chuma milimita 75.” Ni maneno mengi kuliko “bisibisi ya nyota”, lakini yanapunguza safari za kurudi dukani.

Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya zana yalifuata bidhaa, na kwamba vipimo vilirithiwa kutoka kwa kila aliyepita au kuuza hapa. Hakuna aliyekaa akayapanga, na kwa muda mrefu haikuwa lazima, kwa kuwa aina zilikuwa chache. Sasa aina ni nyingi, na kazi ya kuyapanga majina imetuangukia sisi. Kazi hiyo haianzii ofisini. Huanzia kwenye kaunta ya duka huko Temeke na Kinondoni, kwa kusikiliza namna watu wanavyoomba kitu, na kuangalia wanachopewa.