Mfereji Mmoja, Hadithi Mbili: Kuvikwa Upya kwa Splash Mountain na Kuondoka kwa Sungura Mjanja, 1989–2024

Historia ya bustani za burudani nchini Marekani imeandikwa kwa kawaida kama historia ya ujenzi: nani alijenga nini, lini, na kwa sababu gani. Mkabala huo unaacha nje utaratibu ambao umezidi kushika nafasi katika bustani hizo tangu mwishoni mwa karne ya 20. Kivutio kilichokwisha kujengwa hubaki na reli zake, mifereji yake na pampu zake, lakini hadithi inayosimuliwa ndani yake huondolewa na mahali pake ikawekwa nyingine, aghalabu kutoka katika filamu ya katuni iliyopendwa. Insha hii inauita utaratibu huo kuvika upya. Inauchunguza kupitia kivutio kimoja cha kampuni ya Disney, Splash Mountain, kwa kuwa humo swali la hadithi ya nani inasimuliwa, na inasimuliwa na nani, lilijitokeza kwa uzito kuliko katika vivutio vingine vya aina yake.

Sababu ya kwanza ya kuvika upya ni ya kiuchumi, nayo haihitaji maelezo marefu. Zege, chuma na mitambo ya kusukuma maji hugharimu fedha nyingi na hudumu miongo kadhaa, ilhali hadithi huchakaa mapema. Safari ya nyambizi iliyofunguliwa Disneyland, California, mwaka 1959 ilifungwa mwaka 1998. Vyombo vyake vilirejea majini mwaka 2007 vikiwa na samaki wa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Katika bustani ya Epcot, Florida, safari ya mashua ya Maelstrom, iliyofunguliwa mwaka 1988 ndani ya banda la Norwei, iliwapitisha wageni kati ya Waviking, mazimwi ya misituni na mtambo wa kuchimba mafuta wa Bahari ya Kaskazini. Ilifungwa Oktoba 2014. Juni 2016 mashua zilezile zilianza kupita katika njia ileile zikisimulia filamu ya Frozen. Nchi halisi, yenye historia na uchumi wake, iliipisha nchi ya kubuni inayofanana nayo kwa milima na theluji. Waliolalamika waliona kwamba banda lililokusudiwa kuwafunza wageni habari za taifa moja lilikuwa limegeuzwa duka la filamu, na malalamiko hayo hayakukosa msingi.

Splash Mountain yenyewe ilizaliwa na mahitaji ya namna hiyo. Mapema katika miaka ya 1980 pembe ya Disneyland iliyoitwa Bear Country ilikuwa na wageni wachache. Wakati huohuo onyesho la America Sings, lililofunguliwa mwaka 1974, lilikuwa limepoteza watazamaji wake, na lilikuwa na idadi kubwa ya sanamu za mitambo za wanyama waimbaji. Mwaka 1983 mbunifu Tony Baxter alipendekeza mambo hayo yaunganishwe: mfereji wa maji wenye vyombo vya umbo la gogo, poromoko la mita zipatazo 16, na wanyama wa America Sings wakipewa kazi mpya katika hadithi za filamu ya Song of the South. Onyesho lilifungwa mwaka 1988. Hata kabla ya hapo, bata bukini wawili walikwisha kuchunwa manyoya na kugeuzwa maroboti katika kivutio cha Star Tours, tukio dogo linaloonyesha jinsi sanamu zilivyohesabiwa kuwa malighafi tu. Splash Mountain ilifunguliwa Disneyland mwaka 1989, kisha Florida na Tokyo mwaka 1992. Kwa hiyo kilichobadilishwa mwaka 2024 hakikuwa kitu asilia. Tangu siku ya kwanza kivutio hicho kilivaa nguo ya mtumba.

Filamu iliyochaguliwa ilikuwa na historia nzito. Song of the South, inayochanganya waigizaji na katuni, ilioneshwa mara ya kwanza mjini Atlanta Novemba 1946. James Baskett, aliyeigiza Mjomba Remus, hakuhudhuria, kwa kuwa mji huo ulikuwa chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Katika mwaka huohuo Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP, alikiri ustadi wa kisanaa wa filamu hiyo lakini akaishutumu kwa kuupamba utumwa na kuuonyesha uhusiano wa bwana na mtumwa kama maisha ya furaha. Filamu ilirudishwa katika majumba ya sinema ya Marekani kwa mara ya mwisho mwaka 1986, wala haikupata kuuzwa nchini humo kwa ajili ya kutazamwa nyumbani. Miaka mitatu baadaye wanyama wake walianza kuimba juu ya maji ya Disneyland.

Nyuma ya filamu kuna kitabu, na nyuma ya kitabu kuna masimulizi ya watu. Joel Chandler Harris, mwandishi wa magazeti mwenye asili ya Kizungu aliyezaliwa Georgia mwaka 1848, alizisikia ngano za Ndugu Sungura alipokuwa kijana akifanya kazi ya uchapaji katika shamba la Turnwold, kutoka kwa watu waliokuwa watumwa. Kitabu chake cha kwanza cha ngano hizo kilitoka mwaka 1880. Msimulizi aliyembuni, Mjomba Remus, ni mzee Mweusi mpole anayemtumbuiza mtoto wa Kizungu, na kwa sura hiyo ngano zilizotungwa na watu walioonewa zilifika kwa wasomaji zikiwa zimefunikwa kwa upole wa kubuni. Ndani ya kifuniko hicho ukali haukupotea. Sungura hana nguvu, hana mali, na anawindwa kila siku. Silaha yake ni kujua adui anatamani nini na kumwelekeza huko.

Wataalamu wa fasihi simulizi wamebishana kwa muda mrefu kuhusu asili ya ngano hizo. Richard Dorson aliupunguza mchango wa Afrika, ilhali William Bascom na Alan Dundes walisisitiza kwamba sehemu kubwa yake ilivuka bahari pamoja na mateka. Kwa msomaji wa Kiswahili, hoja ya kundi la pili haihitaji utetezi mwingi. Sanamu ya lami inayomnasa Ndugu Sungura ina ndugu zake katika ngano za jamii nyingi za Kibantu, ambamo sungura mwizi wa maji kisimani hunaswa na kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Hila ya kichaka cha miiba, ambamo aliyenaswa humwelekeza adui kwenye adhabu ambayo kwa kweli ni wokovu, inafanana na ile ya ngano ya sungura na simba iliyomo katika Zanzibar Tales, mkusanyiko wa George W. Bateman uliochapishwa Chicago mwaka 1901. Humo sungura anamfundisha simba namna ya kumla: amshike mkia, amzungushe, ampige chini. Simba anamtii, na sungura anachoropoka. Hapa pana haja ya tahadhari. Waafrika waliofikishwa Georgia walitoka zaidi Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Sungura wa Zanzibar ni binamu wa yule wa Georgia, si baba yake.

Wabunifu wa mwaka 1989 walijua walichokuwa wakikishika. Mjomba Remus hakuingizwa katika kivutio kabisa, na lami iliondolewa, Sungura akanaswa kwa nyuki na asali. Kwa nia ya kuepuka lawama walizidisha tatizo la zamani: sauti na ngano za watu Weusi zilibaki, lakini mtu Mweusi mwenyewe hakuonekana popote. Hata hivyo, kwa upande wa usimulizi, mashine na hadithi zilioana kwa namna ambayo ni nadra. Gogo lilipokuwa likipandishwa gizani, mgeni alimwona Sungura amefungwa mbele ya Mbweha, akiomba asitupwe katika miiba. Kisha mgeni mwenyewe ndiye aliyetupwa. Aliyeanguka mita 16 akapiga kelele na kutoka akiwa hai alikuwa ameipitia hila ya Sungura kwa mwili wake, hata kama hakuwahi kusikia jina la Harris.

Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Katika wimbi la maandamano lililofuata, ombi lilisambazwa mtandaoni likitaka kivutio kipewe hadithi ya filamu ya The Princess and the Frog ya mwaka 2009, ambayo shujaa wake, Tiana, ndiye binti mfalme wa kwanza Mmarekani Mweusi katika katuni za Disney. Tarehe 25 Juni kampuni ilitangaza badiliko hilohilo, ikieleza kwamba lilikuwa limeandaliwa tangu mwaka uliotangulia. Splash Mountain ya Florida ilifungwa Januari 2023, ile ya California mwishoni mwa Mei mwaka huo. Tiana’s Bayou Adventure ilifunguliwa Florida Juni 2024 na California Novemba 2024. Hata jina la eneo la California, lililokuwa limegeuzwa kutoka Bear Country kuwa Critter Country mwaka 1988, liligeuzwa tena kuwa Bayou Country.

Yapo mambo ya kusifu katika vazi hilo jipya. Tiana anaonekana kama mpishi na mwenye biashara, na maandalizi yalirejelea maisha ya Leah Chase, mpishi mashuhuri wa New Orleans aliyefariki mwaka 2019, ambaye tayari alikuwa mmoja wa vielelezo vya mhusika huyo wakati filamu ilipotungwa. Muziki wa New Orleans umepewa nafasi kubwa. Baada ya karne nzima ya kuazimwa sauti, mwanamke Mweusi ameonekana kwa uso wake katikati ya kivutio kikuu.

Lakini hadithi iliyochaguliwa haiufikii mwili wa mashine. Wageni wanamsaidia Tiana kutafuta wanamuziki wa sherehe ya Mardi Gras. Daktari Facilier, adui wa filamu, hayumo, na hakuna anayewindwa. Poromoko limebaki na kimo chake, ila Mama Odie analigeuza kuwa njia ya kuwarudisha wageni kwenye karamu. Anguko ambalo hapo awali lilikuwa hukumu na hila limekuwa usafiri. Mjadala wa mwaka 2020 uliyachanganya mambo mawili ambayo mwanahistoria anapaswa kuyatenganisha, yaani kuiondoa filamu ya 1946 na kumwondoa Sungura. La kwanza lilikuwa limechelewa kwa miaka 30. La pili halikujadiliwa sana, ingawa ngano za Ndugu Sungura ni miongoni mwa kazi chache za fikra za watumwa wa Georgia zilizowahi kuwekwa mbele ya mamilioni ya wageni kila mwaka. Kulikuwa na njia ya tatu, ya kumrudishia Sungura wasimulizi wake wa kweli, lakini njia hiyo ingehitaji kuutaja utumwa ndani ya bustani ya burudani, na hakuna dalili kwamba kampuni ilikuwa tayari kwa hilo.

Bustani ya Tokyo humilikiwa na Oriental Land Company, inayotumia kazi za Disney kwa leseni, na haikufuata mabadiliko ya Marekani. Kazi zilipokamilika California mwishoni mwa mwaka 2024, Ndugu Sungura wa Tokyo alikuwa bado anamsihi Mbweha kwa Kijapani asimtupe katika miiba, mbele ya wageni ambao wengi wao hawakuwahi kuiona filamu wala kusikia habari za shamba la Turnwold.