Msomi asiye na meza: waalimu wa nyumbani katika riwaya za Uingereza

Mimi nilisoma agronomi, si fasihi, kwa hiyo wale wa fakilte ya leta watanisamehe.

Mwaka mmoja kisha lisanse, kazi hakuna, nilikubali kufundisha watoto wa familia moja nyumbani kwao kila jioni. Siku ya kwanza saa ya kula ikafika. Baba, mama na watoto wakaketi mezani. Mpishi na yaya wakabaki jikoni. Mimi nikaletewa sahani yangu kwenye baraza, peke yangu. Hakuna mtu alinitukana. Ni kwamba hawakujua waniweke wapi.

Wakati ule rafiki aliniazima Jane Eyre kwa Kifaransa. Nikasoma, nikashangaa: kumbe ile baraza yangu iko ndani ya kitabu cha mwaka 1847!

Tuanze na namba, juu sisi wa agronomi tunapenda kuhesabu kwanza. Hesabu ya watu ya 1851 ilikuta Uingereza iko na waalimu wa kike wa nyumbani karibu 25,000. Watumishi wa kike wa nyumba walikuwa karibu 750,000. Yaani kwa mwalimu mmoja, watumishi kama 30. Lakini fungua riwaya za wakati ule: mwalimu njo anapewa kitabu kizima, mtumishi anapita tu na sinia. Juu ya nini?

Jibu la kwanza ni rahisi: wenye kuandika walijua hiyo kazi. Baba yao Charlotte, Emily na Anne Brontë alikuwa padri wa kanisa la Anglikana, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya kanisa. Siku baba akifa, nyumba inarudi. Binti wa familia ya namna ile hangeweza kuuza sokoni wala kufua nguo za watu bila kupoteza heshima. Kazi iliyobaki ilikuwa kufundisha. Anne alifanya hivyo tangu 1839, na kuanzia 1840 hadi 1845 alikaa na familia moja ya Thorp Green. Charlotte naye alijaribu mwaka 1839, na hakuvumilia. Alimwandikia mdogo wake Emily kwamba mwalimu wa nyumbani hahesabiwi kama mtu mwenye uhai na akili. Mwaka 1844 wakataka kufungua shule yao wenyewe nyumbani Haworth. Walitangaza, wakangoja. Hakuna mwanafunzi hata mmoja alikuja.

Jibu la pili njo lenye uzito. Mwalimu huyu alionyesha uongo wa tabaka. Matajiri walisema: mwanamke wa heshima anajulikana kwa elimu na adabu, tena hafanyi kazi ya mshahara. Sasa, ili afundishe binti zao Kifaransa, piano na adabu, ilibidi awe mwanamke wa heshima. Lakini kwa kuwa analipwa, tayari heshima ile imepunguka. Kile kilichomfaa kwa kazi, kazi yenyewe ilikiharibu.

Ndiyo maana hakuwa na mahali. Katika Agnes Grey, riwaya ya Anne ya 1847, watu wa heshima wanatoka kanisani wakitembea pamoja na Agnes, na macho yao yanapita juu yake kama hayuko. Watumishi nao, wakiona wakubwa wanamdharau, wanamdharau vilevile. Katika Jane Eyre, wageni wanacheka waalimu wa nyumbani kwa sauti, na Jane ameketi palepale karibu na dirisha, anasikia yote.

Na feza? Agnes anaanza na pauni 25 kwa mwaka, Jane analipwa 30. Chakula na kitanda viko ndani, lakini kwa maisha ya kweli hata kufuliwa nguo kuliweza kukatwa kwenye mshahara. Ukiugua au ukizeeka, unaondoka na sanduku lako. Njo maana mwaka 1841 London ilianzishwa Governesses' Benevolent Institution, ya kusaidia waalimu wazee kwa pensheni ndogo na kuwapa makao wale waliokosa kazi.

Desemba 1848, Elizabeth Rigby aliandika katika gazeti la Quarterly Review juu ya Jane Eyre, Vanity Fair ya Thackeray, na ripoti ya shirika hilo, vyote pamoja. Alitumia picha ya shamba, na mimi kama mtu wa shamba sijaisahau: makosa na madeni ya akina baba njo mbegu, na waalimu wa nyumbani njo mavuno. Aliona vizuri. Baba anafilisika, binti anaenda kufundisha. Alidai walipwe vizuri zaidi, lakini akasema mpaka kati yao na wenye nyumba ubaki palepale. Aliwahurumia, ila mezani hakuwakaribisha.

Sasa tuangalie riwaya zinawatoaje. Becky Sharp wa Vanity Fair anatumia ujanja, anaolewa kwa siri na mtoto wa mwenye nyumba. Agnes anafungua shule na mama yake, kisha anaolewa na padri. Jane anarithi pauni 20,000 kutoka kwa baba mdogo aliyekuwa Madeira, anazigawa na ndugu zake, kisha anaolewa. Ndoa, urithi, ndoa. Hata waandishi hawa, na akili yao yote, hawakuona mlango ambao mwalimu anaweza kutoka nao kwa mshahara wake tu.

Historia ilifungua mlango mwingine, polepole. Mwaka 1848 Queen's College ilifunguliwa London, kwanza kwa ajili ya waalimu hao, ili wapate masomo ya kweli na cheti. Girton College ikafuata 1869. Mwaka 1878 chuo kikuu cha London kikakubali kuwapa wanawake digrii. Mwanzo wa safari hiyo ulikuwa pia aibu ya wale waalimu waliokula peke yao.

Ningeweza kumaliza hapo: tusome, tupate diplome, mlango utafunguka. Lakini mimi diplome niko nayo, na nilikula kwenye baraza.

Tena kuna jambo nilichelewa kuliona. Nilimaliza vitabu nikiwa na hasira kwa ajili ya Jane na Agnes. Kisha nikajiuliza: wale 750,000 waliopandisha maji ya moto na sinia ya chakula mpaka chumba cha mwalimu, nani aliwaandika? Agnes anaumia kwa kuwekwa karibu na watumishi. Kwamba mtumishi naye anaumia, anaandika kidogo sana.

Jioni moja yule mpishi aliniambia, "Mwalimu, kuja ukule na sisi, uku kuko moto." Nikajibu kwamba baraza inatosha. Kusema kweli, niliogopa baba mwenye nyumba anikute jikoni, mimi mwenye lisanse. Ile meza niliyokosa mezani kwa wakubwa ilikuwepo jikoni, na mimi mwenyewe njo niliikataa.

Kazi ile ilisha kabla sijarudi kumwambia ndiyo. Mpaka leo sijui jina lake, na yeye langu alilijua tangu siku ya kwanza.