Chati mtiririko: ilikuwepo kabla ya kompyuta

Leo tuangalie vile visanduku na mishale ambavyo mwalimu wa kompyuta huchora ubaoni kabla hajagusa kibodi. Jina lake ni chati mtiririko. Wengi hudhani ilizaliwa pamoja na kompyuta. La hasha!

Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth, mume na mke, waliwasilisha chati za namna hii kwa chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani. Frank aliwahi kuwa mwashi, na alikuwa amepunguza miondoko ya kujenga tofali moja kutoka 18 hadi takriban 5. Chati ilionyesha kazi nzima hatua kwa hatua, na hatua isiyo na faida ikaonekana wazi.

Kompyuta zikafuata. Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann, wakiwa Princeton, waliandika jinsi ya kuipangia kompyuta hesabu, wakatumia michoro ya mishale. Kompyuta hurudia hatua hadi sharti litimie, kwa hiyo mshale wa kurudi nyuma ukawa na kazi kubwa. Maumbo tunayotumia leo yamo katika kiwango cha kimataifa ISO 5807 cha mwaka 1985.

Mtoto anahitaji matatu tu kwa kuanzia: umbo la yai kwa mwanzo na mwisho, mstatili kwa kitendo, na almasi kwa swali la ndiyo au hapana. Mfano wa chai:

1. Yai: Anza.
2. Mstatili: Subiri dakika moja.
3. Almasi: Je, maji yamechemka? Hapana: rudi 2. Ndiyo: endelea 4.
4. Mstatili: Tia majani.
5. Yai: Mwisho.

Je, chati ina faida kweli? Mwaka 1977 Ben Shneiderman na wenzake walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa wanafunzi wa programu, na hawakuona kwamba chati iliwasaidia. Lakini hao walikuwa tayari wanasoma msimbo. Mtoto bado. Yeye anajifunza kufikiri kwa mpangilio, na hilo, kama kwa yule mwashi, halihitaji umeme wala kompyuta. Shule isiyo na maabara inaweza kuanza kesho kwa chaki tu.

Mpe mwanao karatasi achore jinsi ya kuosha vyombo. Kisha fuata mishale yake bila kuongeza akili yako. Akisahau sabuni, mtaiona nyote wawili.