Usiamini sahihi: jinsi ya kusoma tsuba ya Japani

Leo naweka programu kando niongee kuhusu chuma. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya PHP na hifadhidata msikimbie, maana tatizo ni lile lile: una faili mbele yako, hujui lilitoka wapi, na jina la mwandishi lililo juu yake huenda ni la uongo.

Tsuba ni bamba linalokaa kati ya mpini na ubapa wa upanga wa Kijapani. Huzuia mkono usiteleze kwenye makali. Ya upanga mrefu huwa na upana wa sentimita 7 au 8 hivi. Tundu la katikati hupitisha msuka. Yale ya pembeni, kama yapo, ni ya kisu kidogo (kozuka) na kijiti cha kutengenezea nywele (kogai).

Madini ndiyo dalili ya kwanza ya asili yake. Ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Goto Yujo katika karne ya 15 chini ya watawala wa Ashikaga, ulisifika kwa shakudo: shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, kisha ikatiwa dawa hadi ikawa nyeusi. Mafundi wa Owari walipenda chuma kinene, na ukingoni utaona vinundu vigumu viitwavyo tekkotsu, yaani mifupa ya chuma. Kule Higo, chini ya mabwana wa Hosokawa, Hayashi Matashichi naye alijulikana kwa chuma. Enzi ya Edo (1603 hadi 1868) ilipoleta amani, tsuba ikazidi kuwa pambo.

Halafu ikaja amri ya Machi 1876: marufuku kubeba upanga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maafisa katika sare zao rasmi. Soko la mafundi likaanguka. Kano Natsuo (1828 hadi 1898) alikuwa tayari ameifanyia serikali mpya kazi ya kuchonga sarafu. Wengine wakawatengenezea wageni mapambo. Panga zikavuliwa vifaa vyake, na tsuba zikauzwa peke yake hadi Ulaya na Marekani. Hapo ndipo kumbukumbu nyingi zilipopotea, na waghushi wakapata nafasi.

Sasa, ukishika moja mkononi, fuata mpangilio huu:

1. Tundu la msuka. Alama za patasi au vipande vya shaba vilivyopachikwa humaanisha huenda iliwahi kufungwa kwenye upanga. Zikikosekana si ushahidi kwamba ni bandia, kwani nyingine hazikufungwa kamwe.

2. Kuta za ndani za nakshi ya matobo. Kazi ya msumeno na tupa huacha kona kali. Kona butu, vishimo vidogo vidogo na mstari wa kuungana vinaashiria chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu.

3. Kutu. Ya zamani ni nyeusi au kahawia iliyoiva, imetulia na inang'aa kidogo. Nyekundu inayobaki kidoleni kama unga ni ya juzi, au imepakwa makusudi.

4. Sahihi, mwisho kabisa. Jina la Nobuie limeghushiwa mara nyingi mno. Tena mwanafunzi aliweza kurithi jina la mwalimu, hivyo jina moja hubeba vizazi kadhaa.

Jambo linaloniuma ni usafishaji. Mtu anarithi tsuba, anaona kutu, anachukua brashi ya waya au tindikali. Dakika kumi zinatosha kufuta miaka 300, na hakuna nakala rudufu ya kurejesha. Kwa shakudo ni hatari zaidi: weusi wake ni ngozi nyembamba, ukiusugua kwa dawa ya kung'arishia unabaki na rangi ya shaba. Kutu nyekundu kwenye chuma huondolewa polepole kwa kipande cha mfupa au pembe ya paa, kisha kitambaa cha pamba. Siku nyingi, si saa moja.

Chama cha NBTHK cha Tokyo, kilichoundwa 1948, hutoa vyeti hata kwa tsuba zisizo na sahihi yoyote. Wakaguzi hutaja shule kutokana na chuma, umbo na mkono wa fundi. Ukishaikwangua, hata wao hawana cha kusoma. Kwa hivyo ukiikuta kwenye sanduku la babu, ifute vumbi tu, ipige picha pande zote mbili, umtafute anayejua.