Mbio za Bob Hayes

Katika mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, yupo mchezaji asimamaye pembezoni mwa uwanja, mbali na msukumano wa majitu ya katikati. Kazi yake ni kukimbia, kumtoka mlinzi wake na kuudaka mpira arushiwao. Huyo aweza kuitwa mdakaji wa pembeni. Mashabiki wamebishana juu yake kwa zaidi ya nusu karne, na ubishi wao ukipepetwa hubaki swali moja: je, timu ijengwe juu ya miguu au juu ya mpango?

Aliyeuwasha moto huo kuliko wengi ni Bob Hayes, mzaliwa wa Jacksonville, Florida, mwaka 1942. Oktoba 1964 alikuwa Tokyo kwenye Michezo ya Olimpiki, ile ambayo bendera ya Kenya ilibebwa na mwana wa Mombasa, Seraphino Antao, bingwa wa yadi 100 na 220 wa Jumuiya ya Madola mwaka 1962. Antao hakufika fainali ya mita 100. Hayes aliishinda kwa sekunde 10.0, sawa na rekodi ya dunia ya wakati ule. Kisha katika mbio za kupokezana vijiti akapewa kijiti hali wenziwe wako mbele, akawapita wote.

Mwaka 1965 akajiunga na Dallas Cowboys, iliyokuwa imemteua katika duru ya 7 tu. Wengi walidhani ni mkimbiaji aliyevishwa jezi ya watu. Msimu wake wa kwanza alidaka mipira 46, akasonga yadi 1,003 na kufunga mara 12.

Hapo ndipo ilipo kiini cha kisa hiki. Walinzi wa zama hizo walipenda kukaba mtu kwa mtu. Lakini ni nani angemkaba mtu mwenye kasi kuliko binadamu wote? Aliyemkaribia alipitwa kwa hatua mbili. Aliyerudi nyuma kumngojea aliacha uwanja mtupu mbele yake. Makocha wakazidi kutegemea ulinzi wa eneo, kila mlinzi na kipande chake, na mmoja akiwekwa nyuma kabisa kama mlinda mlango wa nyumba. Hata asiporushiwa mpira, Hayes aliwavuta walinzi wawili, na wenziwe wakapumua.

Ila kasi nayo ina siri zake za kufichuka. Tarehe 31 Desemba 1967, mjini Green Bay, kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, husimuliwa kuwa Hayes alitia mikono ndani ya suruali kila mara ambapo mpira haukuwa wake. Wapinzani wakamsoma kama barua iliyo wazi. Dallas ikafungwa 21 kwa 17.

Upande wa pili wa ubishi una mwanachuoni wake, Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers. Yeye alitaka pasi fupi, zirushwe kwa wakati wake, mdakaji awe pale pale alipotakiwa. Si kwamba alizidharau mbio: mwaka 1982 klabu ilimsajili Renaldo Nehemiah, mwenye rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi, na katika misimu mitatu akadaka mipira 43 tu. Mwaka 1985 Walsh akamchukua Jerry Rice, ambaye saa ya yadi 40 haikumsifu sana. Rice aliondoka uwanjani na yadi 22,895. Mashabiki wa mpango hulitaja jina hilo na kunyamaza, kana kwamba kesi imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 2009 Oakland Raiders, klabu ya Al Davis aliyeiabudu kasi, ilimteua wa 7 Darrius Heyward-Bey, aliyekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.30, ikamwacha Michael Crabtree, ambaye mguu mbovu ulimzuia hata kupimwa. Crabtree alidaka zaidi ya mipira 600 maishani mwake, mwenziwe kama 200.

Mwaka huo huo wa 2009 Hayes aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo, mjini Canton. Alikuwa amekwisha kufa, Septemba 2002, huko huko Jacksonville. Mwaka 1979 alikiri makosa ya dawa za kulevya na akakaa jela miezi kumi, na wengi huamini ndiyo iliyomfungia mlango. Malipo makubwa mno kwa kosa lisilokuwa la uwanjani. Wapinzani wake walitoa hoja nyingine: mipira 371 tu katika maisha yake yote ya mchezo. Watetezi wakajibu kuwa kila mpira ulimpa wastani wa yadi 20, na kwamba hakuna daftari linaloandika walinzi waliomfuata siku ambazo mpira haukumjia.