Shahada na Habari: Historia Fupi ya Istilahi za Uandishi wa Habari, kwa Mfano wa Tunduma

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi uandishi wa habari ulivyopanda ngazi katika nchi yetu, kutoka kazi ya kujifunzia mezani hadi somo la shahada ya kwanza ya chuo kikuu, na jinsi maneno ya kazi hiyo yalivyokwenda nayo sambamba au yalivyoachwa nyuma. Mfano wetu tutauchukua Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe; kwani mpakani ndipo neno lisilo sahihi linapoweza kumgharimu mtu fedha yake, na pengine heshima yake.

Tuanze na maneno yenyewe. Habari ni neno lililotokana na Kiarabu, na gazeti lina asili ya Ulaya. Lakini mwandishi ni neno letu, lililozaliwa na kitenzi andika. Hapo kale mwandishi alikuwa karani, mtu wa kutia katika karatasi maneno ya mwingine. Gazeti la wamisionari wa UMCA lililoanzishwa Unguja mwaka 1888 liliitwa Msimulizi. Lile la Tanga la wakati wa Wajerumani, lililoanza mwaka 1904, likaitwa Kiongozi. Mwaka 1923, chini ya utawala wa Waingereza, likatoka Mambo Leo. Katika majina hayo matatu twaona mawazo matatu juu ya kazi hii: kusimulia, kuongoza, na kueleza yanayotukia. Wengi wa walioyapelekea magazeti hayo habari kutoka bara walikuwa walimu na makarani. Hawakuisomea kazi hiyo, ila waliijua lugha.

Kwingineko duniani kazi hiyo ilikwisha kuanza kupewa mlango wake katika vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilifungua shule ya uandishi wa habari mwaka 1908. Kwetu mafunzo ya namna hiyo yalianza katika miaka ya 1960 huko Nyegezi, Mwanza, katika chuo cha Kanisa Katoliki; na mwaka 1975 Serikali ikaanzisha Chuo cha Uandishi wa Habari jijini Dar es Salaam. Vyuo hivyo vilitoa cheti na stashahada. Shahada ilikuja baadaye. Chuo cha Nyegezi kilipanda daraja mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na mwaka 2003 chuo kile cha Dar es Salaam kikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi kijana aliyemaliza kidato cha sita akaweza kuuchagua uandishi wa habari kama mwenzake anavyochagua sheria au ualimu.

Hapa yafaa tulitazame neno shahada. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ushuhuda. Shahada na shahidi ni ndugu wa mzizi mmoja. Basi aliye na shahada ametolewa ushuhuda na chuo chake kwamba anaijua kazi. Na mwandishi wa habari naye kazi yake ni kuwa shahidi wa yale aliyoyaona na kuyasikia. Istilahi hii imeikaa kazi hii vizuri kuliko kazi nyingi nyingine.

Mwaka 2016 istilahi hizo zilipata uzito mpya. Mwaka huo Mkoa wa Songwe ulizaliwa kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakiwa Vwawa. Na mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Habari, iliyoweka Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Kanuni za mwaka 2017 zikadai elimu isiyopungua stashahada, na waliokuwa kazini bila ya elimu hiyo wakapewa muda wa kuitafuta. Tangu hapo astashahada, stashahada na shahada hazikuwa tena maneno ya siku ya mahafali tu. Zikawa mpaka kati ya anayeitwa mwandishi wa habari na asiyeitwa. Neno ithibati lenyewe, lililo jamaa ya thibitisha, likatoka katika kamusi likaingia katika riziki za watu.

Sasa twende Tunduma. Mji huu umekaa mahali ambapo barabara kuu na reli kutoka Dar es Salaam huingia Zambia, na ng'ambo ya pili ni Nakonde. Umuhimu wake ulikua sana baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ikalazimika kutafuta njia ya bahari kupitia kwetu. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, nayo ina urefu wa kilomita 1,860. Mwaka 2019 kilifunguliwa hapo kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, ili msafiri na mzigo wakaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na dereva, karani wa forodha na mfanyabiashara kutoka mbali.

Mtu wa Tunduma anayetaka kusomea shahada hii katika vyuo viwili tulivyovitaja hana budi kusafiri mbali. Dar es Salaam pekee iko zaidi ya kilomita 900. Hilo ni gumu, lakini ugumu unaotuhusu sisi wa lugha ni mwingine. Huko chuoni atafundishwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza, kisha atarudi kuwatangazia watu wake kwa Kiswahili. Kazi ya kufasiri elimu yake ataifanya peke yake, usiku, habari ikingojewa.

Tutoe mifano miwili. Akiandika kwamba "mzigo umeingia Tunduma," amesema nini? Bidhaa zinazoingizwa nchini hutozwa ushuru wa forodha. Zinazopita tu kwenda nchi nyingine huwekewa dhamana, wala hazitozwi ushuru huo. Kitenzi ingia peke yake hakiwatenganishi wafanyabiashara hawa wawili, na msomaji aweza kumdhania mmoja kuwa mkwepaji wa kodi. Mfano wa pili ni wa mtu aliyekamatwa na bidhaa zinazodhaniwa kuwa za magendo. Siku ya kukamatwa ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani ni mshtakiwa. Akitiwa hatiani ndipo aitwe mkosaji. Anayemwita mhalifu siku ya kwanza amekwisha kumhukumu, na katika mji ambao watu wanajuana hukumu hiyo haifutwi na masahihisho ya kesho.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili mwanafunzi anacho tayari tangu nyumbani, hakihitaji darasa. Hoja hii haisimami. Lugha ya nyumbani haitofautishi dhamana na ushuru, wala mtuhumiwa na mshtakiwa. Tofauti hizo hufundishwa. Wengine husema kwamba istilahi hazitoshi kufundishia shahada. Nao tunawakumbusha kwamba Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, ikafundisha kwa Kiswahili, na istilahi zake nyingi za isimu na fasihi zilipatikana kwa kufundishia. Istilahi hazikai ghalani zikingoja zitoshe. Huongezeka kwa kutumika.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wa uandishi wa habari watenge vipindi vya kuandika habari za forodha, mahakama na afya kwa Kiswahili sanifu, na kazi hizo zipewe alama sawa na nyingine. Pili, Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo limekuwa na jukumu la kuratibu istilahi tangu lilipoundwa mwaka 1967, likae na maofisa wa forodha na uhamiaji wa vituo kama Tunduma, liandae orodha fupi ya maneno ya mpakani. Tatu, wafasiri wa sheria na kanuni wawape waandishi matini ya Kiswahili mapema, siyo baada ya habari kukwisha kutangazwa.

Shahada ni ushuhuda. Chuo kinachomtolea kijana ushuhuda kwamba ni mwandishi wa habari kinapaswa kuwa kimemsikia akisema kweli kwa lugha ambayo watu wa Tunduma wataisoma.