Siku ya Kwanza ya Kuhesabu: Historia ya Ukomo wa Madai ya Bidhaa Isiyofika

Katika biashara ambayo mnunuzi hutanguliza malipo na bidhaa ikafuata baadaye kwa meli, kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi, kuna siku ambayo ikipita, mnunuzi hasikilizwi tena hata akithibitisha kwamba hakupokea chochote. Siku hiyo ndiyo inayoitwa hapa ukomo wa madai, na kila soko la mtandaoni limejiwekea ukomo wake. Mijadala mingi kuhusu jambo hili huangalia urefu wa muda, kwamba soko hili linatoa siku nyingi na lile linatoa chache, ilhali historia yake inaonyesha kwamba lenye uzito zaidi ni siku ambayo hesabu inaanzia, kwa kuwa siku 45 zinazohesabiwa tangu malipo zinaweza kumlinda mnunuzi kidogo kuliko siku 30 zinazohesabiwa tangu tarehe ambayo bidhaa iliahidiwa kufika.

Wanasheria wa uchukuzi walilitambua jambo hilo zamani. Kanuni za Hague, zilizotiwa saini mjini Brussels mwaka 1924 ili kusawazisha masharti ya hati za shehena, yaani hati ambazo mchukuzi humpa mwenye mzigo kukiri kwamba ameupokea na kwa masharti gani, zilimpa mwenye mzigo mwaka mmoja wa kufungua kesi. Mwaka huo ulihesabiwa tangu mzigo ulipokabidhiwa au, kama haukukabidhiwa, tangu siku ambayo ulipaswa kukabidhiwa. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, uliohusu uchukuzi wa kimataifa kwa ndege, ulifuata njia iyo hiyo uliposema kwamba mzigo usipofika ndani ya siku 7 baada ya siku uliyopaswa kufika, mpokeaji anaruhusiwa kumdai mchukuzi haki zake. Chini ya maandiko yote mawili, kuchelewa kwa mchukuzi hakukuweza kula siku za mdai, kwa sababu siku zake zilikuwa bado hazijaanza kuhesabiwa.

Biashara ya rejareja kwa posta ilikuwa na mkondo wake. Nchini Marekani, Aaron Montgomery Ward alianza mjini Chicago mwaka 1872 kuwauzia wakulima wa mashambani kwa orodha ya bidhaa iliyochapishwa, na kwa muda mrefu ulinzi wa mnunuzi ulitegemea zaidi jina jema la muuzaji kuliko sheria. Sheria ilipoingia, iliingia kwa kasi. Sheria ya mwaka 1974 kuhusu makosa katika hesabu za mikopo ilihesabu bidhaa isiyofikishwa kama ilivyokubaliwa kuwa ni kosa la hesabu, ikampa mwenye kadi siku 60 za kulalamika kwa maandishi tangu alipotumiwa taarifa ya hesabu yenye kosa hilo. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa kanuni iliyomtaka muuzaji anayeuza kwa posta atume bidhaa ndani ya muda aliouahidi, au ndani ya siku 30 kama hakuahidi muda wowote, na akishindwa amwombe mnunuzi ridhaa ya kuchelewa au amrudishie fedha. Kanuni hiyo ilipanuliwa baadaye kufikia mauzo ya simu na hatimaye ya intaneti.

Masoko ya mtandaoni yalizaliwa nje ya urithi huo. Pierre Omidyar alipoanzisha Septemba 1995 mnada uliokuja kuitwa eBay, wauzaji na wanunuzi walikuwa watu binafsi wasiojuana, na malipo mengi yalisafiri kwa hundi au hawala ya posta ndani ya bahasha. Fedha ikishaondoka kwa njia hiyo, hakuna aliyekuwa katikati wa kuirudisha. Mwaka 1996 soko hilo liliweka mfumo wa pande mbili kutoleana maoni hadharani, na mwaka 1999 likaongeza bima kupitia Lloyd's ya London iliyofidia hasara hadi dola 200, mnunuzi akibeba dola 25 za kwanza. Hatua hizo zilikuwa na nia njema, lakini maoni mabaya hayakumrejeshea fedha aliyekwisha kuibiwa, na bima ya kiwango hicho haikumtosha aliyenunua kitu cha thamani.

Mabadiliko makubwa yalikuja na PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni ambayo eBay iliinunua mwaka 2002. Kwa mara ya kwanza malipo na malalamiko vilikaa mahali pamoja, na aliyeshika fedha aliweza kuzirudisha. Kwa miaka mingi utaratibu wake ulimpa mnunuzi siku 45 tangu alipolipa za kufungua mzozo, yaani mazungumzo rasmi na muuzaji, kisha siku 20 za kuugeuza mzozo kuwa dai ambalo kampuni yenyewe ingeliamua. Asipofanya hivyo, mzozo ulifungwa wenyewe na haukufunguliwa tena. Hapa ndipo kasoro ya kuhesabu tangu malipo inapoonekana waziwazi. Kifurushi cha bei nafuu kilichotumwa kutoka China bila namba ya kufuatilia kingeweza kuwa safarini wiki sita bila mtu yeyote kukosea, na muuzaji mwaminifu alikuwa na sababu halali ya kumwomba mnunuzi asubiri. Muuzaji mdanganyifu alitumia maneno yaleyale: subiri wiki moja, forodha imechelewesha, nitatuma kingine. Mnunuzi mstaarabu aliyekubali kusubiri ndiye aliyepoteza haki yake, na mwenye pupa aliyefungua mzozo mapema akaipata. Kanuni inayoadhibu subira ya mtu mwema ni kanuni mbovu, hata kama iliandikwa kwa kusudi la kumlinda.

Marekebisho yalifuata njia mbili. PayPal ilirefusha muda: mwaka 2014 siku 45 zikawa 180, huku hesabu ikiendelea kuanzia siku ya malipo. Wauzaji wengi walinung'unika, na hoja yao ilikuwa na haki ndani yake, kwa sababu muuzaji mdogo hawezi kuhifadhi stakabadhi za posta na akiba ya fedha kwa nusu mwaka akingoja kama mtu atalalamika. Njia ya pili ilibadilisha mwanzo wa hesabu. Dhamana ya eBay ya kurudisha fedha ilikuja kumpa mnunuzi siku 30 baada ya tarehe ya mwisho ya makadirio ya kufika kwa bidhaa, dhamana ya Amazon ikatoa siku 90 baada ya tarehe ya namna hiyo, na mitandao ya kadi kama Visa ikahesabu siku 120 za kudai marejesho ya malipo tangu siku ambayo bidhaa ilitarajiwa. Kwa maneno mengine, masoko hayo yaliirudia kanuni ya Brussels ya mwaka 1924.

China ilichagua utaratibu mwingine. Taobao, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2003, lilitumia mfumo wa malipo wa Alipay kuziweka fedha za mnunuzi kama amana hadi athibitishe kwamba amepokea bidhaa. Mfumo huo unaonekana kuondoa kabisa haja ya ukomo, lakini unauficha ndani yake, kwa kuwa mnunuzi asipothibitisha wala kulalamika ndani ya siku zilizowekwa, mtambo huthibitisha kwa niaba yake na fedha humwendea muuzaji. Ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa.

Historia hii inaigusa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Haki ya marejesho ya malipo ilijengwa juu ya kadi, ilhali wanunuzi wengi wa Nairobi na Dar es Salaam hulipa kwa simu, na tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, fedha iliyotumwa humfikia mpokeaji papo hapo. Soko la mtandaoni la Jumia lilipoanza lililijibu tatizo hilo kwa kumruhusu mnunuzi alipe anapopokea mzigo mkononi, jambo linalofuta dai lenyewe kabla halijazaliwa. Lakini anayeagiza kwa muuzaji wa mtandao wa kijamii na kutanguliza fedha kwa simu hana mzozo wa kufungua wala tarehe inayoanza kuhesabiwa. Wanaotunga kanuni za biashara ya mtandao katika nchi hizi hawana budi kumlazimisha muuzaji aitaje kwa maandishi siku ya kufikisha bidhaa kabla hajapokea shilingi ya kwanza, na madai yote yahesabiwe kuanzia siku hiyo.